Maji Baridi

Siku tuliyofika Gazi, kabla hatujashusha hata gunia moja kwenye gari, mwanangu wa mwisho alikimbilia ufukweni, akapiga magoti na kuanza kuchimba mchanga kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka sita. Aliona mchanga, akafanya kile ambacho kila mtoto wa Mwandoya hufanya akiona mchanga: kutafuta maji ya kunywa. Maji yalikuwa pale mbele yake, yamejaa mpaka macho yanapokoma, lakini hakuyajali. Kwetu maji yanayoonekana juu ni ya lambo, ya ng'ombe. Ya mtu yako chini. Alichimba mpaka kiwiko kikazama. Maji yakaja upesi kuliko alivyozoea. Akasubiri yatulie, kama bibi yake alivyomfundisha, akateka kwa kiganja, akanywa. Kisha akanigeukia na uso ambao sijausahau. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa Kisukuma, nani ameyatia chumvi.

Asiyeijua Mwandoya aanze na maji yake. Tuko Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na makao makuu yake yakawa Bariadi. Ni nchi ya pamba, mtama, viazi vitamu na ng'ombe, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, maneno niliyoyakariri shuleni bila kuwahi kuiona bahari yenyewe. Kusini mwa wilaya mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 400. Mito yetu hupita kwa kishindo siku chache za masika, halafu hugeuka njia za mchanga wanamopita ng'ombe na mikokoteni. Maji hubaki chini ya mchanga huo. Mnachimba shimo mpaka kiunoni, na kiangazi kikikaza linamzidi mtu kimo. Mnalizungushia matawi ya miiba ili mifugo isilibomoe, kisha mnakaa kusubiri. Maji huchuruzika kidogokidogo. Mama mkwe wangu alikuwa akiketi pembeni ya shimo tangu saa nane usiku mpaka kunapambazuka kwa ajili ya ndoo mbili, akiteka kata moja, anasubiri, anateka nyingine, na hayatibui hata mara moja.

Mtu atauliza kwa nini tusichimbiwe visima virefu. Vimechimbwa, na mume wangu ni mmoja wa mafundi waliovichimba. Lakini maji ya chini sana katika Meatu mara nyingi yana chumvi, na yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 4, kwa kuwa sehemu nyingi hapakuwa na maji mengine. Mtoto akikua anakunywa floridi nyingi, meno yake ya ukubwani huota na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyatoa. Binti yetu mkubwa anayo madoa hayo. Kisima tulichokinywea alipokuwa mdogo kilichimbwa na kikosi cha baba yake. Mume wangu hajawahi kulizungumza jambo hilo mbele ya watu, ila mimi nimeona namna anavyoinamisha macho binti yake akicheka.

Upo mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu, uliokubaliwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Umeanzia Busega, Bariadi na Itilima. Meatu ni ya awamu inayofuata. Tulipoondoka tulikuwa bado tunausubiri, na waliobaki bado wanauzungumzia kwenye foleni za mchangani kama mtu anavyomzungumzia ndugu aliye njiani.

Mwishoni mwa 2022 mtu aliyewahi kufanya kazi na mume wangu alimpigia simu kutoka Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Palikuwa na nafasi ya fundi anayeweza kuendesha mtambo wa kuchimba visima na ambaye haogopi mwamba. Tulikaa usiku mwingi kulijadili. Mimi nilikuwa na biashara yangu ya dagaa wa Mwanza, nauza kwa kisado siku za mnada, na sikutaka kuiacha. Aliyekata shauri ni baba mkwe. Aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya pasipoti na nauli, na mzee wa Kisukuma akishauza ng'ombe kwa safari yako, hana tena la kukuambia. Ameshasema nenda.

Tuliondoka Januari 2023, mimi, mume wangu na watoto watatu. Kutoka Mwandoya hadi Mwanhuzi, kisha tukavuka Daraja la Sibiti kuingia Mkalama, tukapita Nduguti hadi Iguguno kwenye lami ya Singida na Babati, tukalala Arusha. Kesho yake Moshi, Korogwe, Segera. Baada ya Segera hewa ilianza kubadilika. Ilikuwa nzito, ina unyevu, nguo zilishika mwilini, na minazi ikaanza kusogea karibu na barabara. Tulipofika Tanga usiku tulisikia bahari bila kuiona. Asubuhi tulichukua gari la kukodi hadi Horohoro, mpakani, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Binti yangu wa katikati alitafuta mpaka ulipo. Wanawake waliokuwa wakiuza korosho upande huu na upande ule walikuwa wakiitana kwa Kidigo, wakichenjiana noti, wakiulizana habari za harusi. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 20 za kwetu, na hiyo ndiyo tofauti ya kwanza aliyoiona, maana maandazi matano yaligharimu sarafu chache tu.

Gazi ni kijiji cha kando ya ghuba, mwendo wa kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Mito miwili, Mkurumuji na Kidogoweni, inamwaga maji yake humo, na mikoko imeizunguka ghuba kama boma. Tulipangishwa vyumba viwili katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyoezekwa makuti. Uani palikuwa na kisima. Niliposikia kuna kisima uani nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilifunga kamba kwenye ndoo, nikateremsha, na maji yakagongwa baada ya pima chache tu. Bibi wa nyumba ya pili alinikuta nayamimina kwenye sufuria ya ugali.

"Mwanangu," akaniambia, "hicho si cha maji baridi. Cha maji baridi kiko kule mwembeni."

Nilimjibu kwa adabu kwamba haidhuru, nitayaacha kivulini yapoe. Alinitazama kidogo, akanishika mkono kama mtoto, akachovya kidole ndani ya ndoo na kunielekeza nionje. Yalikuwa na chumvi. Haikuwa chumvi kali ya bahari, ila ilitosha kuharibu chai. Ndipo akanieleza kwamba maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, yawe ya moto au yamepoa. Niliona haya, kwa sababu nilijiona najua Kiswahili, nimekisoma tangu darasa la kwanza na nimekifanyia biashara. Usiku nikakumbuka kwamba hata vitabu vyetu vya shule huandika samaki wa maji baridi, na sikuwahi kujiuliza ubaridi huo ulitoka wapi.

Mume wangu ndiye aliyenifafanulia yaliyo chini ya nyumba yetu. Alichukua bilauri, akatia maji nusu, akamimina mafuta ya kupikia juu yake. Maji ya mvua yanayozama ardhini, alisema, ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake ndani ya mwamba kama haya mafuta. Kwa hesabu ya mafundi, kila mita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake kama mita 40 za maji baridi kabla hujafika kwenye chumvi. Ukivuta mengi kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda. Kisima chetu kilikuwa karibu mno na bahari na kilikuwa kimetekwa mno. Kazini kwake alikuwa akifundishwa upya: kwetu alichimba kwenda chini bila woga mpaka apate maji, na hapa alilazimika kujua pa kusimama, kwa sababu mita chache za kuzidisha zinaweza kuwaharibia watu kisima kizima. Alirudi jioni amechoka, na alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu vile visima vya Meatu.

Maji ya kupikia na kunywa tulianza kuyateka bombani, pamoja na wenyeji. Bomba hilo lina historia ambayo nilipoisikia sikuiamini. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wanaulinda msitu wa mikoko wa hekta 117 chini ya mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuizika kwenye tope, na watu wa mbali hulipa ili isikatwe. Ni tani zipatazo 3,000 kila mwaka. Fedha zikija, kijiji hukaa na kuamua, na miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyaamua yalikuwa maji na shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nikiwa na ndoo kichwani nilitembea siku moja juu ya njia ya mbao ambayo akina mama wameijenga ndani ya msitu, nikaonyeshwa mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaotoa vijiti vya kupumulia nje ya tope, mkandaa, muia, mkomafi. Wao wana mti unaowapa maji. Kwetu nimeona ngitili, malisho yaliyofungwa ili nyasi na miti ipumzike, na nikawaza kwamba baba mkwe angewaelewa watu hawa bila mkalimani.

Shule ilifunguliwa mwisho wa Januari hiyohiyo. Watoto wetu walikuwa wamesomeshwa kila kitu kwa Kiswahili, na huku kuanzia gredi ya nne masomo mengi ni kwa Kiingereza. Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu, na sitaki kuupamba. Lakini kilichomuumiza binti mkubwa zaidi kilikuwa meno. Watoto walimwuliza kama anavuta sigara. Akaacha kucheka, akizungumza aliziba mdomo kwa leso, na mwalimu akadhani ana kiburi. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye meno yake mwenyewe yamekuwa mekundu kwa tambuu ya miaka mingi, alimwita barazani. Nilikuwa nachambua mchele, nikawasikia.

"Funua nione." Kimya kidogo. "Basi ni haya? Mimi yangu tambuu, wewe maji ya kwenu. Cheka, mjukuu wangu, watu wapate kukujua."

Sikumsikia akijibu. Ila Jumapili ile aliimba kanisani bila leso.

Mwezi Machi nilipata hasara. Nilikuwa nimekuja na gunia la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwetu hukaa ghalani mwaka mzima bila kuoza. Hewa ya pwani ilivilainisha, nikaona vimeanza kushika ukungu. Asubuhi moja maji yalikuwa yametoka mbali kabisa, na mchanga mweupe wa juu, karibu na mizizi ya minazi, ulikuwa mkavu na wa moto. Nikatandika mikeka miwili, nikaianika michembe yangu yote, nikaenda zangu. Niliporudi saa kumi na nusu jioni bahari ilikuwa imefika kwenye minazi. Mkeka mmoja ulikuwa unaelea. Vipande vya viazi vilikuwa vimesambaa juu ya mawimbi, vyeupe, na watoto wa wavuvi walikuwa wakiniokotea kimoja kimoja, wakivitazama kwa mshangao kabla ya kunipa.

Nilikaa chini nikalia. Watu walidhani nimepoteza fedha. Niliowalilia ni watu walioikata ile michembe, mama mkwe na mawifi zangu, uani Mwandoya, visu vikigonga ubao, wakiniwekea akiba ili nchi ya watu isinilaze njaa.

Bibi alikuja na kitambaa, akakusanya kilichobaki. "Leo bamvua," akasema. "Hukuambiwa?" Sikuambiwa, na sikujua kwamba ni jambo la kuuliza. Jioni hiyohiyo watu walitoka kutazama mwezi, na ulipoandama ikawa Ramadhani. Usiku uliofuata mlango wetu uligongwa mara tatu. Sahani ya mihogo ya nazi, sahani ya tambi, mahamri na mbaazi zilizofunikwa kwa kawa. Sisi ni Wakristo na hatukuwa tumefunga. Waliogonga walilijua hilo, wakasema tu kwamba futari hailiwi nyumba moja.

Tangu siku ile nilianza kujifunza mwezi. Nilimfuata Bibi kila jioni na kumwuliza, naye hakuchoka. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, na tofauti ya kujaa na kupwa huku inakaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inajivuta tu kidogo. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo anayejua yalikupwa saa ngapi leo anajua ya kesho. Siku za bamvua kupwa ni saa nne au tano asubuhi, na ndipo wanawake hutoka na ndoo na vijiti kwenda mwambani kutafuta pweza na chaza. Nimetunza daftari. Kule Mwandoya nilijua mwezi wa kupanda na mwezi wa kuvuna. Mwezi wa angani ulikuwa taa ya kutekea maji, basi.

Kazi nayo ilitokana na maji hayo. Huku mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza, anaitwa mama karanga. Niliwatazama miezi miwili kabla sijathubutu. Nilijua samaki waliokauka tayari, wanaopimwa kwa kisado. Hapa samaki bado anaruka, bei inapangwa kabla chombo hakijaegeshwa, na anayesita anarudi na beseni tupu. Wa kwanza kununua walikuwa tafi. Nilimshika mmoja kama ninavyoshika sato, mwiba wa mgongoni ukanichoma chini ya kucha, na mkono wote ukawaka moto mpaka begani, kwa kuwa mwiba wa tafi una sumu. Mama karanga mmoja, ambaye tulikuwa tunashindania samaki walewale, aliacha beseni lake, akaniingiza mkono kwenye maji ya moto kadiri nilivyoweza kuvumilia, akanikalisha mpaka maumivu yakashuka. Kisha akanionyesha: unamlaza ubavu, unamshika nyuma ya kichwa, miiba inalala, ndipo unapitisha kisu tumboni. Nyongo ikipasuka nyama inakuwa chungu. Chumvi, ndimu, bizari kidogo, mafuta yawe yameanza kutoa moshi mwembamba kwenye karai, na usimgeuze mpaka ajibandue mwenyewe.

Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi. Bahari inachafuka, ngalawa na mitumbwi hukaa juu ya mchanga siku nyingi, na mama karanga hukaa na karai baridi. Mwaka wa kwanza kusi ilitukuta na kodi ya nyumba na karo kwa pamoja, na mshahara wa mume wangu ukachelewa. Tulikula ugali kwa mchunga, mboga chungu ya porini ambayo Wadigo huipika kwa tui la nazi, na ambayo kwa uchungu wake ilinikumbusha mgagani wa kwetu. Kaskazi iliporudi mwishoni mwa mwaka, maji yakawa tulivu na samaki wakarejea, nilikuwa nimeelewa kwa nini wenyeji huweka fedha za Januari kwa ajili ya Juni. Mkulima wa pamba anaelewa hesabu hiyo. Nilichokosa ni majina ya misimu.

Watu huniuliza kama tunabaguliwa. Yapo maneno, hasa sokoni, na yapo maswali kuhusu vibali. Lakini pwani hii imejaa watu waliokuja. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi Kwale vizazi kadhaa bila kitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia na kukubaliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, ambao mababu zao walivuka na ngalawa kutoka Pemba wakifuata samaki, walitambuliwa mwaka 2023, mwaka uleule tuliofika sisi. Mvuvi aliyeniuzia tafi wangu wa kwanza ni wa jamii hiyo, na alikuwa na miaka zaidi ya 50 akipokea kitambulisho kwa mara ya kwanza. Nao watu wa hapa wamewahi kuelekea kwetu. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyetawala Gazi na kuwapinga Waingereza kwa silaha mwaka 1895, alishindwa, akavuka mwaka uliofuata kuingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania, akafia Dar es Salaam. Nyumba yake bado inaonyeshwa kijijini. Nikipita pale na beseni langu huwa nafikiria watu wake, walivyoulizia maji baridi katika mji wasioujua.

Februari mwaka 2025 mama mkwe alikuja kututembelea. Safari ile ya siku tatu aliisafiri akiwa na kibuyu cha samli mapajani, hakukubali kukiweka kwenye buti. Tulimpeleka ufukweni jioni ile ile. Alisimama muda mrefu. Upepo ulikuwa unampeperusha khanga, na hakuishika. Hatimaye akauliza, kwa Kisukuma, ng'ombe wa huku wanakunywa wapi. Mume wangu akacheka, halafu akanyamaza, kwa sababu mama yake alikuwa ameuliza kwa dhati. Maji yote yale, na mnyama hawezi kunywa. Alihuzunika, nikamwona. Usiku alikataa chai mpaka alipohakikishiwa mara mbili maji yametoka wapi.

Daftari langu lilionyesha kwamba siku ya tatu ni bamvua. Mwanangu wa mwisho, ambaye sasa alikuwa na miaka minane, hakuhitaji daftari. Saa nne asubuhi alimshika bibi yake mkono akamwongoza kusini, kupita mitumbwi, kupita pale ambapo michembe yangu iliondoka, mpaka chini ya jabali la matumbawe ambalo siku nyingine lote huwa limefunikwa. Mimi niliwafuata na ndoo. Bahari ilikuwa imetoka mbali sana, na yale maji kidogo yaliyobaki kwenye vidimbwi yalikuwa yamepata joto la jua.

"Vua ndara, Bibi," akamwambia. "Tembea polepole. Utasikia kwa miguu."

Akavua. Akatembea hatua tano, sita, akasimama. Alitazama chini, akarudi hatua moja nyuma, akasonga tena mbele. Chini ya jabali lile, maji ya mvua iliyonyesha bara hupenya kwenye mwamba na kutokeza mchangani wakati bahari imeondoka. Nilijua kwa kusimuliwa. Mwanangu alionyeshwa na watoto wa wavuvi. Nikaweka mguu wangu pale aliposimama mama mkwe. Juu, dimbwi lilikuwa vuguvugu. Chini yake, mchanga ulikuwa baridi kama sakafu ya usiku. Ndipo nilipojua jina lile lilitoka wapi.

Mtoto alipiga magoti akachimba kwa mikono miwili, akauzungushia mchanga ukingo ili chumvi isirudi ndani. Maji yakachuruzika, kidogokidogo. Akayaacha yatulie. Akateka kwa kiganja, akaonja yeye kwanza, akamtekea bibi yake. Mama mkwe aliyashika mdomoni kabla hajameza. Hakusema neno. Alikunja khanga magotini, akashuka chini, akamsogeza mjukuu wake kwa bega na kuanza kulipanua shimo, kama anavyofanya nyumbani, mchanga ukitupwa upande wa chini na mkono wa kushoto ukizuia ukuta usiporomoke. Bila kuinua kichwa akaninyooshea mkono, akitaka ndoo.

Nikampa. Tulikuwa na kama saa moja kabla maji hayajarudi.